Je, Wajua? Kiti Kitupu Hurefusha Foleni

Katika bustani za burudani za Disney nchini Marekani, kuna vigari ambavyo kwa kawaida havisimami kupakia abiria. Mfumo huo, uitwao Omnimover, ulianza kutumika Disneyland, California, mwaka 1967. Vigari huunganishwa mfululizo na kutembea polepole muda wote. Kwenye Haunted Mansion, nyumba ya mizimu ya hapo iliyofunguliwa mwaka 1969, abiria hukanyaga kwanza mkanda unaokwenda sambamba na kigari, kisha huketi. Foleni husogea bila kuganda.

Lakini treni nyingi za kasi za burudani (roller coaster) husimama kupakia abiria, na hapo adui ni kiti kitupu. Tuseme treni ya viti 24 inaondoka kila dakika: kwa saa itabeba watu 1,440. Lakini makundi ya watu watatu yakipewa safu za viti vinne, viti 360 vitaondoka vitupu.

Dawa yake ni foleni ya pembeni ya wanaokubali kuketi mbali na wenzao. Mhudumu huuliza, “Mko wangapi?”, na akiona pengo huita mmoja kutoka foleni hiyo kulijaza. Aliye tayari kutengana na wenzake mara nyingi hupanda mapema.