Mavumbi ya Nguo Mbele ya Hakimu

Kila jioni twakung'uta mavumbi katika nguo zetu, wala hatuyafikiri tena. Lakini mavumbi kama hayo yamekwisha kufumbua fumbo la mauaji.

Mwezi wa Oktoba 1904, huko Ujerumani, Georg Popp, mtaalamu wa kemia wa mji wa Frankfurt, aliombwa kusaidia polisi. Mwanamke mmoja mshonaji alikuwa amenyongwa katika shamba la maharagwe, na hapo palibaki leso chafu. Popp alipoitazama kwa hadubini, aliona vipande vya makaa ya mawe, ugoro, na punje za madini, hasa honiblendi, ambayo ni madini ya rangi nyeusi. Alishukiwa mtu mmoja mwenye kunusa ugoro, aliyefanya kazi penye makaa ya mawe na penye machimbo ya changarawe. Popp akaichunguza suruali yake. Tabaka la chini, lililogusa kitambaa, lilifanana na udongo wa mahali pa maiti. Tabaka la juu, lenye ulanga, lilifanana na udongo wa njia iendayo nyumbani kwake. Kwanza shamba, kisha njia! Alipoonyeshwa hayo, mtu yule akakiri.

Je, udongo hukaaje katika nguo? Punje kubwa zilizo kavu huanguka upesi. Matope, lakini, hushika na kukauka papo hapo. Nazo punje ndogo hujificha kati ya nyuzi, katika mishono, mifuko na mapindo. Kufua huondoa nyingi, pengine si zote. Kwa sababu hiyo polisi mwenye akili haikung'uti nguo. Huiacha ikauke, kisha huifunga peke yake katika karatasi, udongo wake usichanganyike na wa nguo nyingine.

Hata hivyo tujihadhari. Udongo hautaji jina la mtu. Mashamba mawili yaweza kuwa na udongo wa namna moja, na mtu asiye na kosa aweza kuwa alipita pale siku iliyotangulia. Mtaalamu mwaminifu husema tu: umefanana, au haukufanana. Neno hili la pili nalo lina thamani kubwa, kwani laweza kusaidia kumwokoa mtu aliyesingiziwa.

Basi, hakimu na awasikilize mashahidi wote. Udongo ni mmoja wao. Wenyewe hausemi uwongo, bali anayeufasiri aweza kukosea.