Roboti Imekufa au Amekufa?

Walimu wengi wa fasihi huiona bunilizi ya kisayansi kuwa mchezo wa watoto: vyombo vya angani, bunduki za miale na viumbe wenye macho matatu. Mwanafunzi akionekana maktabani na riwaya ya aina hiyo, aghalabu huulizwa ni lini atasoma kitabu cha maana. Mwandishi wa makala haya ni mpenzi wa vitabu hivyo tangu ujana, na katika miezi ya karibuni amesoma vitatu miongoni mwavyo. Nathubutu kusema kwamba vimenifikirisha kuhusu upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili kuliko vitabu vingi vya sarufi.

Cha kwanza ni The Left Hand of Darkness, riwaya ya Mmarekani Ursula K. Le Guin iliyochapishwa mwaka wa 1969. Genly Ai, mwanamume mweusi kutoka sayari yetu ya Dunia, anatumwa kuwa mjumbe katika sayari ya Gethen, yenye baridi isiyokoma. Wenyeji wake si wanaume wala si wanawake. Siku nyingi za mwezi hawana jinsia. Zikiwadia siku chache maalumu, kila mmoja hugeuka akawa wa kike au wa kiume, wala hajui mapema atakuwa yupi. Mtu yule yule huweza kuwa mama wa hawa na baba wa wale. Hata mfalme anashika mimba.

Kiingereza kilimlazimisha Le Guin kuchagua kiwakilishi, naye akachagua kile cha kiume. Matokeo yake ni kwamba msomaji huishia kuwaona Wagetheni wote kuwa wanaume, na wahakiki hawakumsamehe. Mwaka wa 1975 alichapisha upya hadithi fupi inayohusu sayari hiyo hiyo, safari hii wote wakitajwa kwa kiwakilishi cha kike. Mwaka wa 1976 aliandika insha ya kujitetea. Mwaka wa 1987 akairudia insha hiyo na kuukana utetezi wake.

Msomaji wa Kiswahili hana budi kutabasamu. Alikuja, akaketi, akajifungua. Ni nani huyo? Kiambishi chetu hakitoi siri. Hata hivyo tusijipige kifua haraka. Sehemu kubwa ya riwaya inasimuliwa na Genly Ai mwenyewe, na kiwakilishi kile cha kiume ni sehemu ya upofu wake. Hawezi kumwelewa Estraven, mwenyeji anayejitolea mhanga kwa ajili yake, mpaka wawili hao wavuke nyanda za barafu pamoja kwa zaidi ya miezi miwili. Mfasiri atakayeandika "yeye" tangu mwanzo atakuwa amemponya Genly Ai maradhi yake kabla msomaji hajayaona.

Taabu hiyo hiyo ingemkumba mfasiri wa Ancillary Justice (2013), riwaya ya Ann Leckie ambayo msimulizi wake humtaja kila mtu, awe mke au mume, kwa kiwakilishi cha kike. Mshangao wote wa Kiingereza chake ungemezwa na kiambishi a- bila hata kutafunwa.

Lakini Kiswahili nacho kina swali lake, tena kali zaidi. Hakiulizi mke au mume. Kinauliza: kiumbe au kitu? Kiingereza pia huuliza swali hili, lakini katika kiwakilishi tu. Kiswahili hulidai jibu katika kitenzi, kivumishi, kimilikishi na kionyeshi, yaani karibu katika kila neno la sentensi.

Hapo ndipo kitabu cha tatu kiliponinasa. Tamthilia ya R.U.R. ya Mcheki Karel Čapek ilichapishwa mwaka wa 1920, nayo ndiyo iliyoupa ulimwengu neno "roboti". Neno hilo lilipendekezwa na Josef, ndugu yake mchoraji, na limetokana na neno la Kicheki la kazi ya shokoa, ile waliyofanyizwa wakulima na mabwana wa ardhi. Roboti wa Čapek si vyuma. Wameumbwa kwa kitu mfano wa nyama, na kwa sura hawatofautiki na binadamu. Mapema katika tamthilia, Helena, mgeni kiwandani, anazungumza na Sulla na kukataa katakata kuamini kwamba si msichana. Domin, mkurugenzi wa kiwanda, yuko tayari Sulla apasuliwe ili amthibitishie.

Hebu tufasiri onyesho hilo. Domin atasema "roboti hii inaongea". Helena atasema "roboti huyu anaongea". Mabishano yao yote yamo katika viambishi viwili, bila hoja moja kutamkwa! Kiswahili hata kina daraja ya tatu. Kwa mazoea ya wengi, mnyama ni "mbwa wangu amefika", lakini mwandani ni "rafiki yangu amefika", kimilikishi cha I-ZI na kitenzi cha A-WA. Kwa hiyo "roboti yangu imefika" ni mashine, "roboti wangu amefika" ni kama mfugo, na "roboti yangu amefika" ni ndugu. Sijui mwandishi mwingine wa bunilizi ya kisayansi aliyepewa zana kama hii na lugha yake.

Nakumbuka pia kwamba mtumwa, hata aliponadiwa katika soko la Unguja kama bidhaa, alibaki "amenunuliwa". Aliyetaka kumtoa mtu katika A-WA alilazimika kumtukana waziwazi: kijitu hiki kimekuja.

Wala si kweli kwamba hatuna pa kuanzia. Marehemu Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alituachia Walenisi (1995), riwaya ambayo shujaa wake, Dzombo, anarushwa kwa chombo hadi ulimwengu mwingine. Jina la ulimwengu huo likitamkwa polepole husikika "wale ni sisi".

Sasa turudi darasani. Tuseme mwanafunzi wa sekondari ameandika insha kuhusu roboti wa nyumbani. Katika aya ya kwanza "imewashwa na baba". Katika aya ya tatu "inamfariji mtoto mgonjwa". Katika aya ya mwisho "amelala, hataamka tena". Najua kalamu nyekundu itapita wapi: itapigia mstari "amelala" na kuandika pembeni, upatanisho. Kabla ya kukata alama, mwalimu na amwite mwanafunzi huyo amwulize ni katika sentensi ipi alipobadilisha ngeli, na kwa nini hapo. Akiwa na jibu, mimi ningemwongezea alama mbili.