Je, Wajua? Uma wa Baiskeli ya Umeme Kwenye Miteremko ya Mlima Kenya

Nyeri ni nchi ya kupanda na kushuka. Kati ya safu ya Aberdare na Mlima Kenya, mito kama Gura, Chania na Sagana imechimba mabonde ya kina, na kila baada ya bonde pana mgongo mwingine wa ardhi uliovikwa chai au kahawa. Anayetoka Othaya kwenda ng'ambo ya pili hushuka mpaka mtoni, huvuka daraja, kisha hupanda tena karibu kimo kilekile. Ndiyo maana Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma yenye breki za fito, huku mlimani ilisukumwa karibu sawa na ilivyopandwa.

Mota ya umeme imeubadilisha mlima huo. Baiskeli ya umeme ya milimani yenye mota kwenye pedeli, mfano Shimano EP8 iliyotoka mwaka 2020, humwongezea mwendeshaji msokoto wa hadi Nm 85, nguvu inayotosha kupandisha mtu na mzigo wake kilima ambacho zamani angeshuka na kutembea. Kupanda kumepata dawa. Kushuka bado kunahitaji jibu, na sehemu kubwa ya jibu hilo iko mbele, kati ya usukani na ekseli: uma wenye shokapu.

Umbo lake si geni kwa mwendesha bodaboda yeyote wa Karatina. Nguzo mbili zinazong'aa huzama ndani ya ala mbili, kama ilivyo kwenye pikipiki yake. BMW ilitoa pikipiki zenye uma wa namna hiyo unaotulizwa kwa oili mwaka 1935, R12 na R17. Baiskeli zilisubiri zaidi ya nusu karne. Paul Turner, Mmarekani aliyekuwa fundi katika mbio za pikipiki, alishirikiana na Steve Simons kutengeneza RS-1, na kampuni yao ya RockShox ikaanza kuuza uma huo mwaka 1989. Ulitumia upepo na oili, na ulizama milimita 50 hivi tu. Mwaka uliofuata, Greg Herbold akiwa na uma wa RockShox alitwaa taji la dunia la kushuka mlima huko Durango, Colorado, na waliokuwa wakibeza kifaa hicho wakaanza kuagiza chao. Baiskeli za umeme zilipata mashindano yao ya ubingwa wa dunia mwaka 2019, Mont-Sainte-Anne nchini Kanada, na bingwa wa kwanza wa wanaume alikuwa Mwafrika: Alan Hatherly wa Afrika Kusini.

Ndani ya uma kuna kazi mbili, na wanunuzi wengi huulizia moja tu. Ya kwanza ni ya springi, ambayo hubeba uzito na kumeza pigo. Springi hiyo inaweza kuwa ya chuma au upepo uliobanwa, na kwa kawaida hukaa mguu wa kushoto. Ya pili ni ya oili, mguu wa kulia. Springi ikiachwa peke yake hurudisha karibu nguvu yote iliyoimeza, na gurudumu likadunda kutoka jiwe moja hadi jingine bila kushika ardhi. Pistoni inayosukuma oili kupitia vitundu vyembamba huigeuza nguvu hiyo kuwa joto, na uma hurudi juu kwa utaratibu. Uma wa bei rahisi huwa na springi nzuri tu na oili ya kubabaisha, au hauna oili kabisa. Hapo ndipo tofauti ya kweli ya bei ilipo, wala si kwenye rangi ya nguzo au vibandiko.

Sasa tuipime baiskeli yenyewe. Baiskeli nzuri ya milimani isiyo na mota ina uzito wa kilo 13 hadi 15. Ya umeme yenye mota kamili na betri kubwa hufika kilo 22 hadi 25. Mwendeshaji wa kilo 75 akiwa juu ya baiskeli ya kilo 14, jumla ni kilo 89. Akihamia ya kilo 24, jumla ni kilo 99. Ongezeko hilo la asilimia 11 laonekana dogo. Lakini mwendo nao una neno lake, kwa kuwa nguvu ya chombo kinachokwenda huongezeka kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 30 kwa saa hadi 40 umeongeza nguvu hiyo kwa zaidi ya robo tatu, na baiskeli nzito hufika 40 upesi kwenye mteremko wa murram. Breki ya mbele ikikamatwa ghafla, uzito wote huo huinama juu ya nguzo mbili, na nguzo hutaka kupinda kuelekea nyuma.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza kutazama kwenye uma wa baiskeli ya umeme ni unene wa nguzo. Watengenezaji hutaja kipenyo chake, na baadhi, kama kampuni ya Fox, huuita uma kwa namba hiyohiyo: Fox 34, Fox 36, Fox 38. Bomba lenye ukuta wa unene uleule huongezeka ugumu karibu kwa mchemraba wa kipenyo chake. Kwa hiyo kutoka milimita 34 hadi 38, kipenyo huongezeka kwa asilimia 12 tu, ilhali ugumu wa kutopinda huongezeka kwa asilimia 40 hivi. Si bahati kwamba Fox 38 na RockShox ZEB, zote mbili zenye nguzo za milimita 38, zilitoka mwaka uleule wa 2020, wakati baiskeli za umeme zilipokuwa zikienea kwa kasi Ulaya. Fox pia hutoa matoleo maalumu kwa baiskeli za umeme ambayo kuta za nguzo na shingo yake ni nene zaidi, ingawa kwa macho yanafanana na ya kawaida.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kufuata namba nyingine, ile ya kina cha kuzama. Uma unaozama milimita 170 unavutia dukani. Lakini fremu iliyobuniwa kwa milimita 140 ikiwekewa uma mrefu zaidi, pua ya baiskeli huinuka: kila milimita 10 zinazoongezwa hulaza pembe ya usukani kwa karibu nusu digrii, na shingo ya fremu hubeba mzigo ambao haikutengenezewa. Kwenye njia za mashambani za Tetu na Mathira, milimita 130 hadi 150 zinatosha vizuri. Milimita 160 na zaidi ni za mtu anayeshuka kweli kutoka msituni, juu ya mizizi na mawe. Mashindano ya baiskeli ya 10to4, yanayochangisha fedha za kazi ya Mount Kenya Trust ya kulinda mlima, yamebeba mteremko huo katika jina lake: kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000, yaani takriban mita 3,050 hadi 1,220.

Swichi ya kufunga uma usizame wakati wa kupanda nayo hutangazwa sana. Kwa baiskeli isiyo na mota ina maana, kwa sababu jasho la mwendeshaji hupotea uma unapopiga magoti kwa kila msukumo wa pedeli. Kwenye baiskeli ya umeme mwendeshaji hupanda akiwa ameketi, tena kwa kasi inayofanya mawe ya mlimani yahisiwe hata wakati wa kupanda. Anayebana pesa aiache swichi hiyo na azipeleke kwenye oili iliyo bora.

Kisha kuna suala la upepo, na hapa Mlima Kenya una mambo yake. Karibu kila uma wa daraja la juu leo ni wa upepo, kwa kuwa ni mwepesi na hurekebishwa kwa pampu ndogo kufuata uzito wa mwendeshaji. Kanuni ya kuanzia ni kwamba mtu akisimama juu ya pedeli na vifaa vyake vyote, uma uzame asilimia 15 hadi 20. Kwa uma wa milimita 150, hiyo ni milimita 22 hadi 30, zinazosomwa kwa pete ndogo ya mpira iliyo kwenye nguzo. Lakini upepo uliofungiwa ndani hauishi peke yake. Unasukumana na hewa ya nje, na hewa ya nje hupungua kadiri mlima unavyopanda.

Chukua uma uliojazwa Mombasa, ufukweni, kwa paundi 80 kwa kila inchi ya mraba, siku ya nyuzijoto 30. Mita 3,000 juu ya bahari, karibu na kituo cha Met Station kwenye njia ya Naro Moru, shinikizo la hewa ya nje limepungua kwa karibu theluthi moja. Kwa hilo peke yake, geji ingesoma paundi 84 na nusu, na uma ungekuwa mgumu zaidi. Ila alfajiri ya huko ni baridi. Tuseme ni nyuzi 5: baridi hiyo hupunguza msukumo wa upepo wa ndani kwa karibu paundi 8. Hesabu ikikamilika, uma unasoma kama paundi 77. Aliyeujaza Nanyuki, karibu mita 1,950, mchana wa nyuzi 24, atajikuta na paundi 75 au 76 saa ile ile ya alfajiri. Jua likipanda, namba nazo hupanda. Baridi pia huifanya oili kuwa nzito, hivyo uma hurudi juu polepole kuliko ulivyopimwa dukani. Mwendeshaji makini hupima upepo mahali anapoanzia safari, baada ya baiskeli kukaa nje kwa muda.

Jambo la pili la kimo hufichika zaidi. Ndani ya zile ala, chini ya nguzo, hubaki hewa kidogo ambayo haikukusudiwa kuwa springi. Uma uliofungwa karibu na usawa wa bahari ukipandishwa mlimani, hewa hiyo hutaka kutanuka, na mwisho wa mzamo huwa mgumu bila sababu inayoonekana. Ndiyo maana Fox iliweka vitufe vidogo vya kutoa hewa nyuma ya ala za 36 na 38: kimoja kila mguu, unabonyeza, hewa inatoka kwa mlio mfupi. Kwa anayeishi kati ya Nyeri na Timau na kwenda juu mara kwa mara, hicho ni kifaa cha thamani kuliko swichi ya kufunga.

Hata hivyo springi ya chuma isidharauliwe. Haijali kimo wala baridi ya alfajiri, na haihitaji pampu. Uzito wake wa ziada, ambao mshindani wa baiskeli nyepesi angeulalamikia, unamezwa na baiskeli ya kilo 24. Hasara yake ni kwamba springi moja huchaguliwa kwa uzito wa mtu mmoja. Baiskeli ikiazimwa na ndugu mwenye kilo 20 zaidi, hakuna vali ya kufungua. Kwa mtu wa shambani anayetumia baiskeli yake kila siku peke yake, na ambaye pampu ya shokapu iko mbali naye, springi ya chuma iliyo na oili nzuri ni chaguo la busara kabisa.

Kuhusu mota zinazofungwa kwenye habu, onyo ni moja na ni zito. Baadhi ya mafundi huigeuza baiskeli ya kawaida kuwa ya umeme kwa kufunga mota ndani ya gurudumu la mbele. Msokoto wa mota hiyo hutaka kuzungusha ekseli ndani ya vishikio vyake, na vishikio vya uma wenye shokapu mara nyingi ni vya aluminiamu au magniziamu ambayo huvunjika ghafla bila kupinda kwanza. Mota ya habu ifungwe nyuma, kwenye fremu ya chuma, pamoja na mkono wa kuzuia msokoto.

Anayenunua baiskeli iliyotumika ana vipimo vyake vya kufanya papo hapo. Akamate breki ya mbele na kuutikisa usukani mbele na nyuma. Mchezo unaosikika kati ya nguzo na ala ni dalili ya bushi zilizolika. Apitishe ukucha juu ya nguzo kutafuta mikwaruzo, hasa upande wa nyuma, kwa sababu mkwaruzo mmoja hukata sili kila uma unapozama. Pete nene ya oili kwenye nguzo baada ya kukandamiza mara chache ina maana sili tayari imekwisha. Mwisho akandamize usukani na kuuachilia: gurudumu likiruka kutoka ardhini, oili haifanyi kazi yake au kitasa chekundu cha kurekebisha kasi ya uma kurudi juu, kilicho chini ya mguu wa kulia, kimefunguliwa mno.

Udongo nao huchagua uma. Upande wa Nyeri na Othaya, mvua za Machi hadi Mei hugeuza udongo mwekundu wa volkano kuwa tope linalong'ang'ania daraja la uma juu ya tairi mpaka gurudumu likwame. Nafasi kati ya tairi na daraja hilo ipimwe kwa vidole kabla ya kulipa. Upande wa Nanyuki na Timau, ambako mlima huzuia mvua, adui ni vumbi laini. RockShox hushauri ala zifunguliwe, zisafishwe na kutiwa oili mpya kila baada ya saa 50 za mwendo, na uma wote ufanyiwe matengenezo kila saa 200. Mota huzileta saa hizo haraka, maana aliyekuwa akipanda kilima mara moja kwa siku sasa hupanda mara tatu na kushuka mara tatu. Sili za nguzo za milimita 35 haziingii kwenye za 36 wala 38, kwa hiyo ni vyema seti moja ya akiba inunuliwe siku ileile uma unaponunuliwa, pamoja na chupa ya oili ya uzito ulioandikwa na mtengenezaji.