Kiti cha Usiku: Waliodumu, Walioondolewa, Waliorudi

New York ikifika saa 5:35 usiku katika miezi ya kiangazi, hapa Mutakura, Bujumbura, ni saa 11:35 alfajiri. Ndiyo maana tetesi za nani anaondoka kwenye vipindi vya usiku vya Marekani hutukuta asubuhi, kwenye simu, tukielekea kazini. Tuzipange rekodi.

Aliyedumu kuliko wote kule ni David Letterman: miaka 33, toka 1982 hadi 2015. Johnny Carson alikaa karibu miaka 30 kwenye kipindi kimoja, The Tonight Show. Conan O'Brien alikipata kipindi hichohicho Juni 2009, akakiacha Januari 2010. Jay Leno, aliyemwachia kiti, akarudishwa.

Tetesi nzito kuliko zote za karibuni zinamhusu Stephen Colbert. Julai 2025 alitangaza mwenyewe kwamba The Late Show ingefikia mwisho Mei 2026. CBS ilisema ni uamuzi wa kifedha tu. Wengi hawakuridhika, kwa kuwa siku chache kabla alikuwa amewakosoa hadharani wenye kituo kwa kukubali kumlipa Donald Trump dola milioni 16. Mimi naona watazamaji walikuwa na haki ya kuuliza.

Pengo refu liliachwa na Mwafrika mwenzetu, Trevor Noah wa Johannesburg. Aliondoka The Daily Show Desemba 2022; mwaka 2023 kiti kikashikwa na wageni wa zamu, hadi Jon Stewart aliporudi Februari 2024, kwa Jumatatu tu.

Nairobi ina rekodi ya kusimama tena upesi. Kipindi cha Jeff Koinange kiliondolewa KTN mwishoni mwa 2016. Mwaka uliofuata alikuwa Citizen. Kwenye The Trend ya NTV, Larry Madowo alimpisha Amina Abdi Rabar mwaka 2018.

Rekodi ya kwetu Bujumbura inauma. Mei 2015, katika jaribio la mapinduzi, vituo vitano vya binafsi vilishambuliwa na kunyamazishwa ndani ya siku mbili: RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance na Rema. Hapakuwa na tetesi wala kuagana. Watangazaji wengi walikimbilia nje ya nchi. Isanganiro na Rema ziliruhusiwa kurudi Februari 2016. Bonesha ilingoja hadi 2021. Rekodi hiyo, enyi wenye mamlaka, isivunjwe na yeyote.