Mlango wa Kwanza Uko Mtaani Kwako

Nimestaafu, lakini hodi hazijakoma. Asubuhi anakuja huyu ambaye mama yake amepooza na hajui atampata wapi mtu wa kumwangalia. Jioni yule ameachiwa wajukuu na mwanawe hapokei simu. Mmoja ametumwa na shemeji, mwingine na jirani: "Nenda kwa yule mama, alikuwa ustawi." Nawakaribisha, nawasikiliza, na mara nyingi jibu langu ni lilelile: unachokitafuta kipo, na kinaanzia karibu kabisa na nyumbani kwako.

Maisha yangu yote ya utumishi nimekuwa afisa ustawi wa jamii hapa Morogoro, kwanza kwenye kata, kisha hospitalini. Nimeona familia zikiuza shamba kulipia matibabu ambayo zingeweza kusamehewa. Nimeona madai ya matunzo ya watoto yakifika mahakamani yameshaoza, ilhali yangeweza kumalizwa kwenye meza ya kata. Umaskini upo, siukatai, ila wengi wanaumizwa zaidi na kutojua shida ipi ipelekwe wapi. Nitaeleza hapa kama ninavyowaeleza wanaokuja barazani kwangu.

Ofisi ya mtaa

Kwa walio mjini, anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Kwa walio vijijini ni ofisi ya kijiji, na kwa ndugu zetu wa Zanzibar ni kwa sheha. Wengi huikumbuka ofisi hii wanapotaka barua ya benki au ya kumdhamini mtu polisi. Lakini hapo ndipo unapojulikana kwamba wewe ni mkazi, unaishi na nani na hali yako ikoje. Hospitali na mahakama zitakuuliza hayo hayo, na zitataka mtu wa kuyathibitisha.

Mwenyekiti wa mtaa mmemchagua wenyewe. Mtendaji wa mtaa ameajiriwa na halmashauri, na barua zinatoka kwake na muhuri wake. Ukienda, usiombe barua tu. Mwambie inapelekwa wapi na kwa shida gani, ili aandike yanayotakiwa: kwamba bibi huyu ana umri huu, anaishi na wajukuu watatu, hana kipato cha uhakika wala mtoto anayemtumia fedha. Barua inayosema "mtajwa hapo juu ni mkazi wangu, naomba asaidiwe" haimwambii chochote anayeisoma, na wengi wamerudishwa kwa sababu hiyo. Ukiambiwa ulipie, omba stakabadhi ya serikali.

Mtaani ndipo pia majina ya kaya maskini za mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, yanapoanzia, kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya majirani. Wagonjwa na wazee hawafiki kwenye mikutano hiyo, na asiyefika husahaulika. Kama unaye mzee nyumbani, nenda wewe umsemee.

Juu ya mtaa kuna kata, na hapa watu huchanganya mambo. Afisa maendeleo ya jamii anahusika na vikundi na mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Afisa ustawi wa jamii anahusika na mtu au familia iliyokwama: mtoto anayeteswa, mzee aliyetelekezwa, mgonjwa asiye na ndugu, wazazi wanaogombania malezi. Si kila kata ina afisa ustawi wake. Kama yenu haina, mtendaji wa kata anajua ni yupi anayeihudumia kata yenu, au atakuelekeza halmashauri.

Zahanati kabla ya hospitali kubwa

Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilikusudia kila kijiji kiwe na zahanati, kila kata kituo cha afya na kila wilaya hospitali. Hatujafika kote, lakini ngazi hizo ndizo zinazotumika. Anayeziruka akaenda moja kwa moja hospitali ya rufaa na homa ya mtoto atakaa foleni ndefu na kulipa zaidi. Zahanati ikishindwa itakuandikia rufaa, na karatasi hiyo ya rufaa itakusogeza mbele kuliko kujieleza kwa maneno.

Mtafuteni pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapata na kuwafundisha wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima, wakitoka kwenye mitaa na vitongoji vyao wenyewe. Huyu ndiye anayepita nyumba kwa nyumba. Anamwona mtoto aliyedumaa, anamkumbusha mgonjwa wa kifua kikuu kumeza dawa, anajua ni mjamzito yupi hajaanza kliniki. Jina lake utalipata zahanati au kwa mwenyekiti.

Mama mjamzito hupewa kadi namba 4, na mtoto akizaliwa anafunguliwa kadi namba 1. Zitunzeni mahali pasipovuja mvua. Baadhi ya kliniki humtaka mjamzito aje na mwenzake siku ya kwanza, na mabinti waliokataliwa ujauzito hubaki nyumbani kwa aibu. Binti yangu, usibaki nyumbani. Nenda mtaani uandikiwe barua kwamba unakuja peke yako, na kama hukuipata nenda hivyo hivyo umweleze muuguzi.

Andikeni namba mbili nyuma ya mlango. 199 ni ya Wizara ya Afya, ya kuuliza jambo lolote la afya. 115 ni ya usafiri wa dharura kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Kupiga ni bure. Nimewaona waume wakizunguka usiku kutafuta bodaboda ya kumbeba mwanamke anayevuja damu, na simu iko mfukoni.

Dawati ambalo watu hulipita

Hospitali za wilaya na za mkoa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Ukiwa na mgonjwa aliyelazwa, iulize siku ya kwanza. Wengi huja siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imeshapanda na ndugu wameshagombana.

Namkumbuka mzee mmoja aliyeshuka kutoka milima ya Uluguru. Mkewe alikuwa amefanyiwa upasuaji. Aliingia ofisini na mfuko wa rambo, ndani yake mna risiti, kadi ya hospitali na karatasi ya mkataba iliyoandikwa kwa mkono. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia, "Marahaba mwanangu," akabaki amesimama. Nilipomketisha ndipo aliposema kwamba amepata mtu wa kununua shamba lake la migomba, na mnunuzi anangoja nje. Alikuwa amekuja kuniuliza tu kama bili inaweza kusubiri hadi kesho wakamilishe mauziano.

Nikamuuliza kama tunavyouliza wote. Ana umri gani? Anaishi na nani? Chakula cha nyumbani kinatoka wapi? Watoto wako wapi, na wanatuma nini? Shamba hilo ndilo alilokuwa akila. Mkewe alikuwa amepita miaka 60, na nchini kwetu wazee wa umri huo wasio na uwezo wamo kwenye makundi yanayosamehewa kuchangia matibabu, pamoja na wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nikampigia mtendaji wa kijiji chake, akathibitisha. Tukajaza fomu, mganga mfawidhi akapitisha. Mzee akatoka nje kumwambia yule mnunuzi arudi na fedha zake.

Msamaha hautolewi kwa kulia dirishani pa kulipia. Karani wa dirishani hana mamlaka hayo. Unatolewa na ofisi ya ustawi baada ya mahojiano, na barua yako ya mtaa inafupisha safari. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo inagusa habari ya wasio na uwezo, kwa hiyo hakikisheni taarifa za kaya yenu zimeandikwa sawasawa mtaani.

Ndoa na watoto

Ugomvi wa ndoa usiokwisha upelekeni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Mabaraza hayo yapo kwenye kata, na BAKWATA na makanisa pia wana ya kwao. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mahakama kwa kawaida haipokei ombi la talaka mpaka baraza limejaribu kupatanisha na kutoa hati kwamba limeshindwa. Anayekimbilia mahakamani bila hati hiyo hurudishwa alikotoka. Pale penye kipigo, hata hivyo, usalama ndio wa kwanza. Usikae ukingoja tarehe ya kikao ndani ya nyumba unayopigwa.

Matunzo ya mtoto hayana haja ya kuanza kwa wakili. Afisa ustawi atampelekea mzazi mwenzio wito, mtaketi, mtakubaliana kiasi na siku ya kulipa, na mtasaini. Akikiuka, makubaliano hayo ndiyo ushahidi wako mahakamani. Asiye na fedha za wakili aulize wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, nao hawatakiwi kumtoza mtu.

Sasa nasema na majirani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Ukisikia mtoto analia kila usiku upande wa pili wa ukuta, sheria haikuruhusu kusema hayo ni ya ndani ya watu. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Limewekwa kwa ajili ya mazungumzo ya faragha, huulizwi mbele ya kaunta.

Aliyebakwa, mtoto au mtu mzima, afike hospitali mapema iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asioge, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Fomu ya PF3, ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali, hutolewa polisi, lakini mwenye hali mbaya aanze na matibabu. Hospitali zenye kituo cha mkono kwa mkono zina daktari, polisi na ustawi mahali pamoja, kwa hiyo hasimulii yaliyompata kila ofisi.

Nimewahi kuona familia zikipokea fedha za kumaliza mambo kimyakimya. Kila mara aliyeumia ni mtoto, na kila mara alikuwa wa mwisho kuulizwa.

Wazee na wenye ulemavu

Hapa Morogoro kuna makazi ya wazee Fungafunga, na Dar es Salaam kuna Nunge, Kigamboni. Watu huniuliza wawapelekeje wazazi wao huko. Makazi hayo ni ya wazee wasio na mtu kabisa, na kuingia kunapitia ustawi wa jamii. Mwenye watoto atatafutiwa watoto wake kwanza, na watakumbushwa wajibu wao. Zanzibar wamepiga hatua nyingine: tangu 2016 mzee aliyefikisha miaka 70 hupokea pensheni jamii kila mwezi, awe aliajiriwa au alilima tu.

Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu asimfiche. Mtoto asiyeandikwa popote hahesabiwi kiti cha magurudumu kinapotolewa wala nafasi ya shule inapopatikana. Mpelekeni kliniki, mwandikisheni mtaani, na mfike kwa afisa ustawi hata kama leo hamna la kuomba.

Namna ya kwenda

Chukua daftari dogo. Andika tarehe, ofisi, jina la aliyekuhudumia na alichokuahidi. Beba kitambulisho, kadi za kliniki, cheti cha kuzaliwa na nakala za kila kitu. Halisi usiache ofisini. Eleza shida yako kwa ufupi, ukianza na unachokitaka leo. Ukijibiwa "njoo kesho" bila sababu, uliza kwa upole msimamizi ni nani. Kila halmashauri ina mkuu wa ustawi wa jamii, na malalamiko ya maandishi yana uzito kuliko manung'uniko ya kwenye daladala.

Wako watumishi waliochoka na wako wenye maneno makali. Nimefanya nao kazi na sitawatetea. Lakini wako pia, tena wengi, wanaotoa nauli mfukoni mwao ili mgonjwa afike kwao. Mwananchi anayejua anachostahili huwapa nguvu hawa wa pili, na hawa wa kwanza hawapati nafasi ya kumzungusha.

Basi wiki hii, kabla hamjapatwa na lolote, nendeni ofisi ya mtaa. Ulizeni jina la mtendaji, la mhudumu wa afya wa jamii na la afisa ustawi anayehudumia kata yenu. Ziandikeni namba zao. Kisha mwambieni jirani ambaye hawezi kwenda mwenyewe, na siku atakayohitaji, mfuatane naye. Msaada huu umewekwa kwa sheria na unalipiwa kwa kodi zenu, na kuudai ni haki yenu.