Kwa nini kibuyu chenye ufa hakitupwi

Jikoni kwetu Ngara, juu ya kabati, kulikuwa na kibuyu cha kusukia maziwa. Kilikuwa na ufa kuanzia shingoni hadi tumboni, umeshonwa kwa uzi, na ukikisogeza puani bado kilinukia moshi na samli. Ng'ombe wa mwisho aliuzwa nikiwa shule ya msingi. Mama alipofariki tuligawana vitenge, majembe na sufuria zake bila maneno mengi. Zamu ya kibuyu ilipofika, watu wote kimya.

"Shangazi, hiki kinavuja hata maji," nikasema.

"Na nani kasema tutatilia maji, mwanangu?"

Jibu hilo wataalamu wa saikolojia wamelihangaikia kwa miaka mingi. Mwaka 1990 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio la vikombe. Wanafunzi waliopewa kikombe, kisha wakaulizwa watakiuza kwa bei gani, walitaka kama dola 7. Wenzao ambao hawakupewa hawakuwa tayari kutoa hata dola 3. Kikombe ni kilekile, nacho kilikuwa mikononi mwao muda mfupi tu. Sasa fikiria kibuyu kilichopakatwa miaka 30.

Lakini bei haimalizi habari. Mwaka 2008 Bruce Hood na Paul Bloom waliwaonyesha watoto wa miaka mitatu hadi sita mashine waliyoambiwa inaweza kutengeneza nakala kamili ya kitu chochote. Ilikuwa kiini macho, masanduku mawili tu. Watoto waliozoea kulala na mwanasesere au blanketi fulani walikitaka kile chao cha zamani, na wengine walikataa katakata kisiingizwe kwenye mashine. Kwa macho yao, nakala ilikosa kitu ambacho hakionekani. Daktari wa watoto Mwingereza, Donald Winnicott, alikwisha kuandika mwaka 1953 kwamba kitu cha namna hiyo humsaidia mtoto kuvumilia mama anapokuwa mbali. Huku kwetu mara nyingi ni kipande cha khanga ya mama, na ole wako ukikifua.

Mtu mzima naye habadiliki sana, hasa dunia inapompindukia. Wenyeji wa Ngara wa umri wangu hawajasahau mwisho wa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, wakajaa kambini Benaco. Barabara nzima ilikuwa magodoro, mikeka, madumu na sufuria vichwani. Hivyo vilikuwa vya kuishi. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyefanya utafiti miaka mingi pwani ya Kenya, aliandika mwaka 1999 kuhusu vile vingine ambavyo watu waliohamishwa kwa nguvu hubeba: picha, barua, vikorokoro visivyolisha mtu. Kwa maoni yake, mtu aliyepokonywa nyumba, majirani na heshima yake huiweka nafsi yake ndani ya vitu hivyo kama akiba, aje aichukue siku maisha yakitulia. Sijasoma maelezo mengine yanayomkaribia shangazi kiasi hicho.

Je, ni ugonjwa? Kibuyu kimoja juu ya kabati, hapana. Ugonjwa wa kulimbikiza vitu upo, na umo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili yake ni nyumba kushindwa kutumika: kitanda hakilaliki, jiko halipikiki, na mtu anaumia kutupa hata kifungashio kitupu. David Tolin na wenzake walipiga picha za ubongo wa wagonjwa wakati wakiamua karatasi zipi zitupwe, wakatoa matokeo mwaka 2012. Sehemu zinazoupa uzito uamuzi zilichangamka kupita kiasi karatasi zilipokuwa zao wenyewe, na zikapoa zilipokuwa za watu wengine. Ndiyo maana kumvizia mgonjwa yuko safarini ukachoma vitu vyake humuumiza bila kumponya. Baada ya muda chumba kinajaa upya. Kinachosaidia ni tiba ya mazungumzo, akijizoeza kuchambua na kuamua mwenyewe, kidogo kidogo. Ukiona dalili hizo kwa ndugu yako, ulizia huduma ya afya ya akili hospitalini kabla ya kuwasha kiberiti.

Sisi wengine tunahitaji msaada mdogo zaidi. Katika chuo kikuu kimoja Marekani, watafiti waliwashauri wanafunzi wa baadhi ya mabweni wavipige picha vitu vyenye kumbukumbu kabla ya kuvitoa msaada. Vilipatikana vitu 613. Mabweni yaliyohimizwa kutoa tu, bila picha, yalipata 533. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Inaonekana wengi tunaogopa kuipoteza kumbukumbu, na kitu chenyewe kinafuata nyuma.

Shangazi hakupiga picha. Aliagiza kila mmoja aeleze ule ufa ulitokeaje, ndipo kibuyu kipate mwenyewe. Yakatoka masimulizi manne. Mimi niliapa kwamba ndama alikipiga teke. Mdogo wangu wa kike, ambaye sasa anakaa Mwanza, alicheka hadi machozi yakamtoka, akasema ndama alikuwa malishoni siku hiyo, aliyekiangusha ni mimi, na mama alinificha kwa baba. Akakifunga kwenye kitenge akaondoka nacho.