Ufa Huanzia Wapi? Ndege ya Comet na Hesabu za Kompyuta



Wanafunzi wetu wapendwa, pamoja na wazazi na walezi wa Musoma, Bunda na Butiama, safari hii tunazungumzia elimu ya kuvunjika kwa vitu. Msiikimbie kurasa hii kwa kuona neno hesabu.

Chukueni ukanda wa karatasi ya daftari, mvute ncha zake mbili. Karatasi inashindana nanyi. Sasa ikateni kidogo pembeni kwa wembe, mvute tena. Inachanika mara moja, tena pale pale mlipokata. Karatasi ni ile ile na mikono ni ile ile. Kilichoongezeka ni mkato mdogo tu.

Sababu ni kwamba nguvu inayopita ndani ya kitu ikikuta ufa hulazimika kuuzunguka, ikasongamana kwenye ncha yake, mithili ya watu wanaotoka Sala ya Ijumaa kwa mlango mmoja. Mwaka 1913 Mwingereza Charles Inglis alikokotoa kwamba tundu la duara kwenye bamba pana huzidisha mkazo ukingoni mwake mara 3. Tundu jembamba lenye urefu mara 10 ya upana wake, likikingama na nguvu, huuzidisha mara 21. Ndiyo maana fundi hodari wa magari hutoboa tundu la duara kwenye ncha ya ufa wa chasisi kabla ya kuchomelea. Wahenga walituambia tuzibe ufa, nao walisema kweli kwa nyumba ya udongo, lakini kwa chuma kuziba juu juu hakutoshi. Ncha ikibaki kali, ufa unaendelea na safari yake chini ya rangi.

Sasa sikilizeni kisa hiki. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ya shirika la BOAC, yenye namba G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya ratiba kwa ndege ya abiria ya jeti, na njiani ilitua Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu hili. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu wote 35 walikufa. Tarehe 8 Aprili mwaka ule ule Comet nyingine ilianguka baharini karibu na Naples ikiwa na watu 21. Hakuna aliyepona.

Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, waliitia bodi ya Comet nzima ndani ya tangi la maji, wakawa wanaijaza maji kwa shinikizo na kulipunguza, tena na tena. Kwa nini maji, si hewa? Hewa iliyoshindiliwa ingelipuka kama bomu na kuharibu ushahidi. Maji hayashindiliki, basi bati likichanika shinikizo hushuka hapo hapo na mchaniko hubaki ukionekana. Mwezi Juni 1954 bodi ilichanika, baada ya jumla ya mizunguko ipatayo 3,000, ya angani na ya tangini. Kila ndege ipandapo juu, ndani hujazwa hewa ili abiria wapumue, nayo bodi hutanuka kidogo, ikitua hunywea. Bati lilichoka, na nyufa zilianzia kwenye pembe za matundu yaliyokatwa kwenye bodi.

Ajabu ni kwamba Farnborough hapo hapo ndipo alipofanya kazi A. A. Griffith, ambaye mwaka 1921 alieleza kwa majaribio ya kioo kwamba ufa hukua pale nishati inayoachiliwa inapotosha kulipia nyuso mpya zinazofunguka. Miaka ya 1960 mwanzoni, Mmarekani Paul Paris akaonyesha namna ufa unavyokua kidogo kidogo kwa kila mzunguko wa mzigo. Kwa metali nyingi, ukuaji hufuata kipeo cha kati ya 2 na 4. Tukichukua 3, mzigo ukiwa maradufu, ufa hukua mara 8 kwa kila mzunguko. Wenye Hiace na malori wakipige hicho kipeo wenyewe.

Kompyuta nayo hugawa umbo vipande vidogo, kama vigae vya sakafu, ikaandika mlinganyo wa namna kila kipande kinavyovutana na jirani zake, kisha ikaifumbua yote pamoja. Taabu ilikuwa kwamba ufa ukisogea, vigae vya karibu yake hupangwa upya kila mara. Mwaka 1999 Ted Belytschko na wenzake wa Marekani walitoa njia ya kuuacha ufa upite katikati ya kigae bila kuvipanga upya.

Lakini kompyuta haiujui ufa ambao haikuambiwa. Kwa hiyo mpaka leo mkaguzi hupaka rangi nyekundu nyepesi juu ya chuma, akaifuta, kisha akapaka unga mweupe na kungoja. Penye ufa, mstari mwembamba mwekundu hujitokeza.